Uchungaji wa Kilutheri Marekani: njia ipi inamfaa mwinjilisti wa ibada ya Kiswahili?

Sharika nyingi za Kilutheri Marekani hazina mchungaji, na kwa sababu hiyo milango iliyokuwa imefungwa zamani sasa iko wazi. Mtu anaweza kubarikiwa kuwa mchungaji bila kuhamia seminari, bila shahada ya uzamili, na pengine bila kuacha kazi yake ya kila siku. Tathmini hii inamlenga mtu mmoja mahususi: mwinjilisti kutoka Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi anayeongoza ibada ya Kiswahili saa nane mchana katika jengo la usharika wa Wamarekani. Anahubiri, anazika, anapatanisha ndoa, lakini hana ruhusa ya kubatiza wala kuongoza Chakula cha Bwana. Ikifika Jumapili ya sakramenti inabidi amwombe mchungaji mwenyeji aje aongoze kwa Kiingereza.

Wengi wakiulizia njia hizi huanza na swali la miaka: nitasoma muda gani? Sisi tumezipima kwa swali jingine: ukishabarikiwa, unaruhusiwa kuhudumu wapi, na unahama nao vipi ubarikio huo? Kwa watu wetu hilo ndilo zito. Familia iliyopokelewa Texas ikisikia kwamba kiwanda cha nyama Iowa kinaajiri, inafunga mizigo, na shemeji zake wanafuata. Ibada yenye kaya 25 mwaka huu inaweza kubaki na kaya 9 mwakani. Mchungaji ambaye karatasi zake zinamruhusu kuhudumu mahali pamoja tu atabaki na jengo.

Upungufu wenyewe ukoje

Makanisa makubwa ni mawili. ELCA (Evangelical Lutheran Church in America), yenye makao yake Chicago na sinodi 65, ambazo ni kama dayosisi zake, ilianza rasmi Januari 1988 ikiwa na waumini zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3. LCMS (Lutheran Church–Missouri Synod), maarufu kama Missouri, ilianzishwa 1847, ina wilaya 35 na seminari mbili: Concordia Seminary ya St. Louis na Concordia Theological Seminary ya Fort Wayne, Indiana. Kote kuwili wachungaji wanaostaafu ni wengi kuliko vijana wanaoingia.

Lakini usidhani kila nafasi iliyo wazi ina mshahara. Nyingi ni za sharika ndogo za vijijini huko Nebraska, Iowa, Minnesota na Dakota zote mbili, zenye watu 30 au 40 Jumapili, ambazo haziwezi kulipa mshahara kamili, nyumba na bima ya afya kwa pamoja. Ndiyo maana sinodi zinawapenda sana watu wenye kazi nyingine. Mtu akikuambia "tunahitaji wachungaji mno", muulize papo hapo ni saa ngapi kwa wiki na nani analipa bima.

Aliyelelewa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, pia ajue kwamba mfumo ni tofauti. Nyumbani usharika na jimbo hupendekeza jina, dayosisi inamtuma mtu chuo cha Makumira au Mwika, akihitimu inampangia kituo, na ikimhamisha anahama. ELCA, askofu wa sinodi hupeleka majina tu. Usharika ndio unaohoji, ndio unaopiga kura, ndio unaolipa. LCMS humpangia mhitimu wa seminari wito wake wa kwanza, lakini baada ya hapo ni usharika na kura zake. Ukimaliza masomo bila usharika unaokutaka, unakaa nyumbani na cheti chako.

Njia ndefu: shahada ya uzamili ya MDiv

Umbo la kawaida ni miaka 4. Miwili darasani, wa tatu ni mwaka wa vikari katika usharika chini ya mchungaji mlezi, wa nne unarudi darasani. LCMS bado inalishika umbo hili na inadai Kigiriki na Kiebrania vyote viwili. Seminari za ELCA zimelegeza: baadhi zimebana masomo yakawa miaka 3, nyingi zinafundisha kwa mtandao, na Kiebrania mara nyingi ni hiari.

Sharti la kwanza ni shahada ya kwanza, na hapo ndipo wengi wetu wanakwama kabla hata ya kuomba. Vyeti vya chuo cha nje hupitishwa kwa taasisi ya kulinganisha elimu, kama WES, na taasisi hiyo hutaka nakala itoke moja kwa moja chuoni. Vyeti vya Kongo vilivyoandikwa kwa Kifaransa vinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Aliyepitia kambi ya Nyarugusu au Kakuma na akapoteza karatasi zake aanze kuvitafuta mapema sana, kwa sababu masijala ya chuo cha Bukavu au Uvira haijibu barua pepe ndani ya wiki. Diploma ya theolojia ya Tanzania pekee kwa kawaida haihesabiki kuwa shahada ya kwanza, hata kama uliisomea miaka mitatu na kuendesha usharika miaka kumi.

Ada si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Seminari mbili za LCMS hulipia ada wanafunzi wao wa bweni kwa fedha za wafadhili, na kadhaa za ELCA, zikiwemo Luther Seminary na United Lutheran Seminary, huwapa watahiniwa wa kanisa hilo (walio katika mchakato wa kubarikiwa) ufadhili wa ada yote. Kinachoumiza ni kuishi: kodi ya nyumba, bima ya afya ya mke na watoto, na fedha za kutuma nyumbani ambazo hazisimami eti kwa sababu baba yuko chuoni. Chunguza pia chuo kiko wapi hasa siku hizi, maana nazo seminari zinahama. LSTC ya Chicago ilihama majengo yake 2023 ikaingia katika jengo la chuo cha Kikatoliki jirani. PLTS ya Berkeley iliuacha mlima wake ikashuka mjini.

Faida yake ni moja lakini ni kubwa: unahama nayo. Mwenye MDiv aliyebarikiwa anaweza kuitwa na usharika wowote wa kanisa lake, Kiswahili au Kiingereza. Jeshi la Marekani linamdai kasisi wake shahada ya uzamili yenye krediti zisizopungua 72, na hospitali zinazoajiri makasisi waliothibitishwa nazo zinatazama kwanza shahada hiyo. Ikiwa una miaka chini ya 35, una shahada ya kwanza na Kiingereza chako cha kuandika ni kizuri, usishawishike na njia za mkato kwa sababu tu askofu ana haraka.

Utahini wa ELCA, na mahali watu wetu wanapojikwaa

Njia yoyote ya ubarikio ndani ya ELCA hupitia kamati ya watahiniwa ya sinodi, na ina milango mitatu: kuingia, kuidhinishwa katikati ya masomo, na kukubaliwa mwishoni. Kabla ya mlango wa kwanza kuna fomu, uchunguzi wa rekodi za polisi, upimaji wa saikolojia, na usharika wako kukusimamia.

Hapo kwenye usharika kuna mtego. Mtahiniwa hutakiwa awe mshiriki hai wa usharika wa ELCA kwa angalau mwaka mmoja. Ibada ya Kiswahili inayotumia jengo la Wamarekani mara nyingi si usharika kisheria. Ni wageni wenye ufunguo. Mwinjilisti anaweza kuongoza ibada humo miaka sita na jina lake lisiwe katika daftari lolote. Suluhisho ni dogo: ingizwa wewe na familia yako katika daftari la usharika mwenyeji, au sinodi iiandikishe ibada yenu kuwa jumuiya ya ibada iliyoidhinishwa. Omba barua yenye tarehe. Saa ya mwaka mmoja inaanza hapo.

Upimaji wa saikolojia hutumia mara nyingi dodoso la MMPI, ambalo toleo lake la pili lina maswali 567 ya ndiyo au hapana. Limetungwa kwa Wamarekani. Ukiulizwa kama unasikia sauti ambazo wengine hawasikii, nawe unakumbuka usiku ule Bwana alipokuita, jibu lako la uaminifu linaweza kusomwa kama ugonjwa. Usidanganye. Omba mapema mpimaji aliyezoea Waafrika au wakimbizi, na katika mazungumzo ya ana kwa ana eleza ulimaanisha nini. Kama umepita vitani, sema. Mpimaji mzuri anatafuta unavyobeba yaliyokupata, hatafuti mtu asiyepatwa na lolote.

Halafu kuna CPE, mafunzo ya huduma ya kichungaji hospitalini. Kipindi kimoja ni saa 400, zisizopungua 100 zikiwa za kikundi na mwalimu, zilizobaki wodini. Ukifanya kutwa ni majira mamoja ya joto, wiki 10 hadi 12. Ukifanya jioni na wikendi ni miezi kadhaa. Anayefanya kazi zamu ya usiku aulize ratiba kabla ya kulipa, kwa sababu saa za kuwa zamu hospitalini haziahirishwi.

Kazi kuu ya CPE ni kuandika mazungumzo neno kwa neno. Umemtembelea mgonjwa, ukitoka unaandika kutoka kichwani alichosema na ulichojibu, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake, pamoja na ukimya na machozi. Kisha unayasoma mbele ya wenzako watano na mwalimu, nao wanayachambua. Mwinjilisti wa Kiafrika kwa kawaida huandika hivi: salamu, habari za ugonjwa, Zaburi, maombi, kwaheri, dakika saba. Mwalimu anauliza: "Uliomba kwenye mstari wa tano. Mgonjwa alikuwa ameomba aombewe, au wewe ndiye ulitaka kutoka?" Swali hilo limewakasirisha wazee wengi wa heshima. Kwetu kumwombea mgonjwa ni wajibu, na asiyeomba ndiye anayeulizwa. Lakini mwalimu hapingi maombi. Anataka uone kama mama yule alipoanza kusema "mwanangu hanipigii simu" ulimsikia, au ulimfunika na Zaburi ya 23.

La pili linalowashinda ni kusema ulijisikiaje, mbele ya vijana wa umri wa wanao. Kwa mtu wa miaka 50 aliyelelewa kwamba mkubwa haoneshi moyo wake hadharani, ni kama kuvuliwa shati. Dawa ni kumwambia mwalimu wiki ya kwanza, faraghani, kwamba kwenu mambo haya husemwa kwa methali au kwa kisa, na kuomba uanzie hapo. Wanaonyamaza hadi katikati ya kipindi huandikiwa kwamba "hakujifunua", na neno hilo husomwa na kamati ya sinodi.

TEEM: njia tunayoipendekeza kwa wengi, kwa masharti

TEEM ni mpango wa ELCA wa kumwandaa mchungaji ndani ya huduma anayoifanya tayari, hasa penye lugha, kabila au mazingira ambayo seminari haiwezi kuyaletea mtu. Huiombi mwenyewe kama unavyoomba chuo. Askofu wa sinodi ndiye anayeitambua huduma na kukutambua wewe ndani yake, kisha unaingia katika utahini kama wengine. Unasoma kwa kozi za mtandao na vipindi vifupi vya kukutana, PLTS, Luther Seminary, Wartburg ya Dubuque au mpango wa Austin, Texas, huku ukiendelea na ibada yako. Shahada haihitajiki, na mafunzo uliyoyapata Tanzania au Kenya yanapimwa ili usirudie unachokijua. Mwisho unapata cheti cha kozi, kisha ubarikio.

Ubora wake: ukibarikiwa kwa TEEM unaingia orodha ileile ya wachungaji wa Neno na Sakramenti kama mwenye MDiv. Hakuna daraja la pili kwenye karatasi. Wito wako wa kwanza unatarajiwa uwe palepale ulipotambuliwa, na kuhama baadaye kunapitia kwa maaskofu wa sinodi zote mbili.

Upungufu wake unaonekana baadaye. Cheti si shahada, hivyo ukasisi wa jeshi na kazi nyingi za hospitali zinabaki zimefungwa. Kamati za wito za sharika za Kimarekani huona neno TEEM na kuuliza kama mtu huyu amesoma kweli. Ibada yenu ikisambaa, utaingia kwenye soko la wito ukiwa na karatasi ambayo askofu wako anaielewa na usharika wa mbali hauielewi. Na masomo yenyewe, yakijumlishwa na CPE, kazi ya kulisha familia na ibada ya kila Jumapili, humchosha mtu hadi ndoa ikalalamika. Miaka mitatu wanayokutajia ni makadirio ya asiye na watoto wadogo.

Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni fedha za huduma. Sinodi hutoa ruzuku ya kuanzisha ibada, kila mwaka inapungua, na mwaka mtahiniwa anapobarikiwa ndio mwaka ruzuku inapokwisha. Kabla ya kuanza, wazee wa ibada ya Kiswahili, baraza la usharika mwenyeji na sinodi wakae meza moja waandike nani atalipa nini mwaka wa nne. Bila karatasi hiyo unasomea wito ambao hautakuwepo.

Kibali cha askofu

Kwa haraka, askofu wa ELCA anaweza kumpa mlei kibali cha kuhubiri na kuongoza sakramenti mahali fulani, kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja unaohuishwa. Mtu huyo huitwa mhudumu aliyeidhinishwa na sinodi. Hajabarikiwa. Ukivuka mpaka wa sinodi, kibali kimebaki nyuma.

Kwa ibada inayongojea ubatizo wa watoto 12, hii ni nafuu ya kweli, na tungeiomba wiki hii. Kosa ni kuikalia. Tuna wasiwasi na sinodi zinazowahuisha wahudumu wa lugha za kigeni mwaka baada ya mwaka huku Wamarekani wakipelekwa seminari. Miaka hiyo haigeuki kuwa ubarikio yenyewe. Ukipewa kibali, omba siku hiyohiyo tarehe ya kuanza utahini.

Missouri: SMP na EIIT

LCMS usitarajie kibali cha namna hiyo. Walishakijaribu. Mkutano mkuu wa Wichita wa 1989 uliruhusu mashemasi walei kuhubiri na kuongoza sakramenti pasipo na mchungaji, na wengi wakaona kinapingana na ibara ya 14 ya Ungamo la Augsburg la 1530, isemayo kwamba asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti. Mkutano mkuu wa Milwaukee wa 2016 ukaamua mashemasi hao waelekezwe kwenye ubarikio, au waache kuongoza sakramenti. Atakayekuahidi leo Missouri kwamba "utabariki mkate kwanza, masomo baadaye" anakupeleka pabaya.

Badala yake kuna SMP, iliyopitishwa na mkutano mkuu wa 2007: mchungaji wa huduma mahususi. Ni kozi 16 kwa miaka 4, unasoma ukiwa nyumbani kwa mtandao na kwenda seminari kwa vipindi vifupi. Miaka miwili ya kwanza wewe ni vikari. Ukimaliza nusu ya kozi unabarikiwa, kisha unamalizia nusu ya pili ukiwa mchungaji tayari. Unahitaji usharika unaokuita, mchungaji msimamizi, na rais wa wilaya (kiongozi wa wilaya ya kanisa) anayekupendekeza. Ada mara nyingi hugawanywa kati yako, usharika na wilaya; mgawanyo huo uandikwe.

Kama mafunzo, SMP ni nzuri kuliko sifa yake. Kozi zinafuata yale unayoyafanya wiki hiyo: unasoma ubatizo huku una mtoto wa kubatiza. Mwenye nidhamu ya kusoma saa kumi alfajiri kabla ya zamu atafaidi.

Shida yake ni hiyo "mahususi". Mchungaji wa SMP anaruhusiwa kuhudumu katika huduma ile aliyoandaliwa, chini ya usimamizi wa mchungaji wa kawaida, na hawezi kuitwa kwingine bila masomo ya nyongeza. Hawezi kulea vikari wala kushika nafasi ya kusimamia wachungaji wenzake. Kwa Mmarekani anayesaidia usharika mkubwa aliozaliwa ndani yake, hilo halimpunguzii kitu. Kwa mchungaji wa Waswahili wanaohamahama ni kamba mguuni. Waumini wakihamia jimbo jingine, yeye hawezi kuwafuata kama mchungaji mpaka taratibu zifunguliwe upya. Ukichagua SMP, panga tangu mwanzo kuendelea na masomo ya nyongeza ya kuwa mchungaji wa kawaida, na umwambie rais wa wilaya mapema.

EIIT ni mpango wa Concordia Seminary ya St. Louis uliotengenezwa kwa ajili ya viongozi wahamiaji. Mwanafunzi anabaki na watu wake, anasoma kwa mtandao pamoja na wenzake wa makabila mengine, na ana mchungaji mlezi wa karibu. Kwa mwinjilisti wa Kiswahili aliyeko LCMS tungeiangalia hii kabla ya SMP, kwa sababu walimu wake wamezoea Kiingereza cha lugha ya tatu na hawashangai mwanafunzi akiuliza kuhusu mahari, matambiko au ndoa iliyofungwa kambini bila cheti. Masomo ni ya Kiingereza, na insha ni nyingi. Ambaye Kiingereza chake ni cha kuzungumza tu achukue kwanza darasa la uandishi katika chuo cha jamii kilicho karibu. Na kabla ya kusaini, rais wa wilaya akujibu kwa maandishi swali hili: nikibarikiwa, nitaandikwa mchungaji wa kawaida au wa huduma mahususi?

Mama zetu wainjilisti waelewe kwamba Missouri haibariki wanawake kuwa wachungaji. Ina njia ya ushemasi wa kike. Makanisa yaliyounda ELCA yamebariki wanawake tangu 1970, na KKKT ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Makanisa mengine madogo

WELS ina seminari moja, Mequon, Wisconsin, na mpango wa pembeni kwa viongozi wahamiaji. Ushirika wake na makanisa mengine ni wa mlango mdogo sana. NALC, iliyoanzishwa 2010, ina seminari yake Ambridge, Pennsylvania. LCMC huacha mengi mikononi mwa kila usharika, kwa hiyo unaweza kubarikiwa haraka kuliko popote, na kanisa la pili likakutazama kama mlei. Vyuo vya mtandao visivyo chini ya kanisa lako vinaweza kukufundisha vizuri, lakini cheti chao hakikuingizi orodha ya kanisa. Uliza kanisa kwanza, lipa baadaye.

Kama umebarikiwa tayari nyumbani

Mchungaji wa KKKT haanzi upya ELCA. Makanisa yote mawili ni wanachama wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, ubarikio wako unatambuliwa, na unachoomba ni kupokelewa katika orodha. Bado utapita kwenye kamati, mahojiano na uchunguzi. Uhusiano wa kidugu, kama ule wa Bega kwa Bega kati ya Sinodi ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa tangu 1987, husaidia upate watu wa kukushuhudia, haukupi ajira. Kuna pia jambo la kusema wazi kabla ya kuhojiwa: uamuzi wa ELCA wa 2009 kuhusu wachungaji walio katika mahusiano ya jinsia moja, na Tamko la Dodoma la KKKT la 2010 lililoupinga mwelekeo huo. Kamati itauliza unasimama wapi, na dayosisi yako itauliza pia ukirudi likizo. Ongea na askofu wako wa nyumbani kabla hujaomba barua.

Kwa LCMS mambo ni kinyume: KKKT haina ushirika wa madhabahu nao, kwa hiyo mchungaji wake hupitia mchakato wa kuhojiwa na kuongezewa masomo kama anayetoka kanisa jingine. ELCK ya Kenya ni kanisa mshirika wa LCMS, na mchungaji aliyesoma chuo cha Matongo anaanzia karibu zaidi.

Karatasi za uhamiaji na kodi

Mkimbizi au mwenye kadi ya kijani anaweza kufuata njia yoyote kati ya hizi. Mwenye viza ya mwanafunzi F-1 anaruhusiwa saa 20 tu za kazi chuoni kwa wiki wakati wa muhula, na mwaka wake wa vikari lazima uidhinishwe na chuo kama sehemu ya mtaala kabla hajaanza kulipwa. Akianza Jumapili moja mapema, amevunja masharti.

Viza ya watumishi wa dini ni R-1. Kanisa ndilo linaloomba, kwa fomu I-129. Mtumishi awe amekuwa mshiriki wa dhehebu hilo miaka 2 mfululizo, kazi iwe angalau saa 20 kwa wiki, na jumla yake haizidi miaka 5. Kadi ya kijani kwa njia hiyo huombwa kwa fomu I-360, na hapo kazi iwe ya kutwa, angalau saa 35, ikitanguliwa na miaka 2 ya utumishi mfululizo. Linganisha saa hizo na ule wito wa nusu muda tuliousema juu: usharika unaoweza kulipa saa 20 unaweza kukuleta, lakini hauwezi kukubakiza. Mwanasheria wa uhamiaji aisome barua ya wito kabla ya kura, maana ikishapigwa usharika hauna hamu ya kuibadilisha.

Na ukishabarikiwa, hata ukiwa katikati ya SMP, kwa upande wa Social Security mamlaka ya kodi hukuhesabu kama uliyejiajiri: asilimia 15.3 unalipa mwenyewe, usharika haukukati. Baraza liamue kwa maandishi posho ya nyumba kabla ya malipo ya kwanza, kwa sababu haiwezi kurudishwa nyuma. Aliyebarikiwa Juni bila kupanga haya hukutana na deni Aprili inayofuata.